Viatu vya Shaba vya Daraja la Jogoo

Jumatatu. Mvua ya kwanza.

Leo naanza kuandika, na nitaandika mpaka mvua ziishe, ili baadaye asitokee mtu wa kunigeuzia maneno. Shule sikusoma. Herufi nilifundishwa na mke wangu, kwa chaki, kwenye ukuta wa karakana, wakati huo nina watoto tayari. Kwa hiyo mwandiko huu asiucheke mtu. Mwandiko wangu wenyewe uko juu ya mfereji, ni wa chuma, na watu wazima na akili zao wanaukanyaga asubuhi na jioni.

Nasema daraja. Mtaa wetu umekatwa vipande viwili na mfereji mpana, na zamani ukitaka kwenda ng'ambo ulizunguka mpaka barabara kuu. Nikasema upuuzi huu basi. Nikachomelea daraja la waenda kwa miguu: nguzo nne za bomba, boriti mbili, sakafu ya chuma cha vipele ili mtu asiteleze, na reli za kushikia pande zote mbili. Katikati ya reli nikamweka jogoo niliyemkata kwa bamba la chuma, maana mtaani naitwa Jogoo. Wanasema ni kwa sababu nawika sana. Nawika kwa sababu kumekucha. Mtu akisema "daraja la mfereji" namsahihisha pale pale: sema Daraja la Jogoo.

Mvua za mwaka jana zilipokwisha nikalipamba. Nilipata bamba la shaba nyekundu, jipya, nikazivalisha nguzo zote nne viatu, kuanzia zinapotoka kwenye zege mpaka usawa wa goti. Nilikwangua rangi yote ya zamani, nikasugua chuma mpaka kikameta, ili shaba ikae barabara, mwili kwa mwili. Hakuna daraja jingine lenye viatu vya shaba. Nimeulizia.

Sasa binti yangu anasema viatu vyangu vinaliua daraja.

Huyu binti tunamwita Cheche. Ni mchomeleaji kama mimi. Alikwenda chuo cha ufundi, akarudi karakanani kwangu. Anachomelea vizuri. Sijamwambia.

"Baba," kaniambia leo, mvua inapiga bati, "shaba na chuma havilali kitanda kimoja. Pakiingia maji, chuma kinaliwa."

"Shaba inashika kutu?"

"Haishiki kama chuma."

"Basi. Mtu asiye na ugonjwa atamwambukizaje mwenzake?"

Akatoka nje. Nikajua nimeshinda. Kumbe amekwenda kutafuta chupa.

Jumanne

Kuna chupa tatu za jamu kwenye dirisha la karakana. Misumari mitatu ya pakiti moja, Cheche kaisugua kwa msasa mbele yangu. Kila chupa maji ya mvua na chumvi kidogo, kwa sababu muuza samaki wa ng'ambo humwaga maji yake ya chumvi mferejini. Msumari wa kwanza uko uchi. Wa pili kauzungushia waya wa shaba. Wa tatu kauvisha kipande cha zinki alichokichuna kwenye betri kuukuu ya tochi.

"Huu wa tatu wa nini?"

"Utauona, baba."

Sipendi mtu kuniambia utauona.

Tumewekeana masharti. Mvua zikiisha, kama msumari wenye shaba ndio ulioliwa zaidi, viatu vinavuliwa, tena anavivua yeye. Kama sivyo, atafagia karakana mwezi mzima na ataniita Fundi Mkuu mbele ya wateja. Mama Cheche tumemfanya shahidi. Akasema, "Ushahidi nitatoa, lakini chupa zangu mtanirudishia."

Jumatano

Mvua. Misumari bado.

Alhamisi

Mvua. Msumari ulio uchi una doa la rangi ya chai. Wenye shaba una madoa mawili. Doa moja, madoa mawili, hiyo si hoja.

Ijumaa

Nimechomelea geti la mtu. Zuri sana. Mwenyewe alitaka kulipiga picha kabla sijamaliza.

Jumapili

Mvua imetulaza ndani. Vidole vya miguu vinaniwasha. Mama Cheche kaniangalia akasema ngozi imechubuka kwa sababu buti zangu za mpira zinaingiza maji juu na hazitoi chini, na mimi sizivui kutwa.

"Mguu ukikaa kwenye kiatu chenye maji unaoza, mzee. Hata mtoto anajua."

Cheche alikuwa pale anakunywa chai. Alinitazama tu juu ya kikombe. Nikamwambia, "Na wewe kunywa chai yako."

Jumatatu

Haya ninayoyaandika leo ni kwa sababu mke wangu amesema nisipoyaandika ataandika yeye.

Mchana Cheche alikwenda kula. Nikapita pale dirishani penye chupa. Msumari wenye shaba umekuwa mwekundu, maji yake yana mashapo chini kama ya kahawa. Ulio uchi nao una kutu, ila ya kawaida. Wa tatu, wenye zinki, hauna kitu. Safi, kama ulivyotoka kwenye pakiti. Sikuupenda ule usafi.

Nikautoa msumari wa shaba. Nikafungua waya, nikachukua msasa, nikausugua mpaka ukang'aa, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nikageuka. Mama Cheche kasimama mlangoni na bakuli la chakula changu.

"Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Unakagua kwa msasa?"

"Ukaguzi wa kina."

Akaliweka bakuli juu ya meza ya vyuma. "Baba Cheche, mimi ni shahidi. Shahidi ana macho."

Jumanne

Msumari nilioung'arisha jana umeshika kutu tena. Siku moja! Ule ulio uchi, ambao sikuugusa, bado haujafika hapo.

Jumatano

Nimeusugua tena, safari hii mchana kweupe, Cheche yupo. Sikuwa nadanganya. Nilitaka kuona kutu inaanzia wapi. Inaanzia pembeni ya waya. Pale shaba inapogusa chuma, hapo hapo. Mimi nimeshika chuma tangu sijaota ndevu na sikuwahi kuitazama kutu ikianza. Siku zote nilikutana nayo ikiwa imeshafika.

Nikamwita Cheche. "Haya, sema. Lakini usiniletee maneno ya chuo."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Baba, chuma unakitoa wapi?"

"Dukani."

"Na duka?"

"Kiwandani."

"Na kiwanda?"

"Ardhini. Wanachimba mawe mekundu, wanayeyusha."

"Mekundu kama nini?"

Nikaitazama chupa. Jibu lilikuwa linaelea mle ndani.

"Chuma kinarudi kwao," akasema. "Kilikuwa udongo mwekundu, tukakinyang'anya kwa moto. Tangu siku hiyo kinatafuta njia ya kurudi. Maji na hewa ndiyo nauli yake, vyote viwili kwa pamoja, na chumvi inamharakisha dereva. Ukikipaka rangi, umefunga mlango."

"Na nikikwangua rangi?"

"Umefungua."

Hapo nikakumbuka nilivyosugua zile nguzo. Nilizisugua vizuri, kwa sababu mimi nikisugua nasugua.

"Na shaba inahusika vipi?"

"Ile betri ya tochi. Ndani yake kuna vitu viwili tofauti na majimaji katikati. Umeme unapita, taa inawaka, lakini kimoja kinaliwa. Lazima kimoja kiliwe. Shaba na chuma kwenye maji ya chumvi ni betri isiyo na taa. Kinacholiwa ni chuma. Ukiweka chuma na zinki, inaliwa zinki, chuma kinapona. Ndiyo maana bati la nyumba, wanalipaka zinki."

"Kwa hiyo zinki ni mjinga."

"Zinki ni kafara, baba."

Nikamwambia aendelee na kazi. Msumari ni msumari na daraja ni daraja. Bomba la nguzo si msumari.

Alhamisi

Mvua. Kutu.

Ijumaa

Mvua. Kutu. Wa zinki safi. Nimeanza kuuchukia.

Jumapili

Mama Cheche ana duka la ushonaji ng'ambo, kwa hiyo daraja anavuka kila siku. Leo kaniambia linalia.

"Linalia vipi?"

"Nikifika katikati linasema nyii."

"Ni uzito wako."

Akaweka sahani chini polepole. "Uzito wangu umeuona leo? Nimevuka daraja hilo nina mimba ya Cheche, halikusema nyii."

Nikaomba maji.

Jumanne

Cheche ameshuka mferejini asubuhi maji yakiwa madogo, akagonga nguzo kwa nyundo. Amerudi na uso ule wa mama yake. Anasema nguzo tatu zinaitika vizuri lakini ile ya upande wa duka la samaki inaitika kama debe.

"Tuvue viatu leo, baba."

"Mvua hazijaisha. Masharti ni mvua ziishe."

"Masharti ni ya misumari. Juu ya daraja wanapita watu."

"Daraja langu litakuzikeni nyote!"

Nilisema hivyo. Nimeandika kama nilivyosema.

Jumatano

Mvua kubwa. Sikuangalia chupa.

Ijumaa

Leo nitaandika yote, tena nikiwa nimekaa, maana kusimama siwezi.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na mfereji ukajaa mpaka chini ya boriti. Asubuhi nikasikia watu wanapiga kelele darajani. Nikaenda. Nikamkuta Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu, ana mwavuli mkono mmoja na kamba mkono wa pili, anafunga kamba kukata njia. Watu wamejaa pande zote mbili. Upande wa ng'ambo nikamwona mke wangu mlangoni pa duka lake.

"Unafunga nini?" nikamwuliza.

"Naufunga mlango kabla haujatufungia, Mzee Jogoo. Daraja linatikisika. Mvua zikipungua tunalikata, mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja kuliangalia."

Chakavu! Ilinipanda mpaka hapa.

"Wewe Kinyozi, umezoea kukata vinavyoota tena. Chuma hakioti."

"Na wewe umezoea kusifiwa," akasema. "Sogea, babu, utalowa."

Babu. Mbele za watu.

Nikafungua kamba yake. Nikaingia darajani. Nasikia Cheche ananiita nyuma, "Baba! Baba, rudi!" Nikafika katikati, pale alipo jogoo wangu, nikawageukia. Nikawaambia, "Daraja hili nimelichomelea mimi. Tazameni linavyotikisika!" Nikaruka.

Halikutikisika. Watu wakaguna. Nikaruka tena. Kimya. Nikamtazama Kinyozi nikacheka, nikaruka mara ya tatu, kwa nguvu, na buti zangu zimejaa maji.

Halikuvunjika kwa kishindo. Lilifanya kama mtu anayekaa akidhani nyuma yake kuna kiti. Kona ya upande wa samaki ilishuka, sakafu ikawa mteremko, na mimi nikateleza juu ya vipele vyangu mwenyewe nilivyoviweka ili mtu asiteleze. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda mbio, yamebeba ndoo na tairi. Mguu mmoja ukaingia majini. Nikarusha mikono, nikamshika jogoo.

Jogoo alinishika na yeye. Sikiliza, hapa ndipo nataka mtu asome mara mbili: nilining'inia kwa jogoo yule na mwili wangu wote, na maungio niliyoyachomelea hayakufunguka hata moja. Boriti zilibaki kwenye reli, reli zilibaki kwenye sakafu. Daraja zima liliinama kama kitu kimoja.

Cheche akalala kifudifudi, akatambaa kutoka upande mzima. Mkono wake haukunifikia. Nikamsikia mke wangu ng'ambo, "Shika hiki! Mpe hiki!" na jora zima la kitambaa cha sare likaruka hewani likifunguka. Cheche akalidaka, akanirushia, nikalipitisha kwapani kwa mkono mmoja, ncha moja akaishika yeye, nyingine ikashikwa na Kinyozi, ambaye sasa alikuwa ametupa mwavuli na kuingia darajani ananitukana. Wakanivuta. Nikatoka na buti moja.

Nilipokuwa nimelala kwenye tope, Cheche akanishika kichwa, akalia. Hajalia mbele yangu tangu utotoni. Nikamwambia, "Umeona maungio?" Akasema, "Nimeona, baba. Nyamaza."

Mama Cheche ilimbidi azunguke mpaka barabara kuu ili anifikie, kwa sababu daraja halipitiki. Alifika amelowa chapachapa, anahema. Akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye mguu usio na buti.

"Sasa nani mzito?" akasema. Halafu akakaa topeni karibu yangu, akanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani.

Jumamosi

Kifundo cha mguu kimevimba. Sitaki kuandika.

Jumapili

Sitaki.

Jumatatu

Maji yamepungua. Nimemwomba Cheche anipeleke. Amenipeleka kwa toroli la karakana, na watu wamecheka, wacha wacheke.

Nimeona kiatu. Kimesimama peke yake juu ya zege, kizima, kina ukijani kidogo tu pembeni. Mguu haumo. Bomba limekatika juu kidogo, na ndani ya kiatu umebaki uji wa kutu. Nilichukua kipande cha lile bomba, nikakibana kwa vidole viwili kikavunjika kama mkate mkavu. Bomba nene! Nililichagua mwenyewe!

Nikakaa pale kwenye toroli. Nilichokuwa nakifikiria si kwamba Cheche alisema kweli. Nilikuwa nafikiria kwamba nje kilikuwa kizuri siku zote. Kila nilipopita nilikitazama nikajisifu, na ndani kilikuwa kinakwenda kwao.

"Zile tatu?" nikamwuliza.

"Zimeliwa, lakini zimebaki. Hakuna hata moja ya kuaminika."

"Na huko juu?"

"Huko juu, baba, ningeambiwa nichomelee vile, nisingeweza."

Najua anaweza. Lakini nililiacha neno likae.

Jumatano

Kinyozi kaitisha mkutano mbele ya kibanda chake cha kunyolea. Ajenda moja: kulikata daraja. Nikaenda na fimbo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwepo, analipima daraja kwa macho kama mtu anayenunua mbuzi.

Kinyozi akasema mvua zimelizeesha, ajali imetokea, bahati hakufa mtu, na watu tukubali kuzunguka mpaka watakapotuletea la zege. La zege hilo tuliahidiwa kabla Cheche hajazaliwa.

Nikanyanyua fimbo. "Naomba kusema."

"Sema, Mzee Jogoo, lakini usiruke."

Watu wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Daraja hili halikuangushwa na mvua. Mvua zimelipiga miaka yote hiyo likiwa na rangi yake, halikusema nyii. Wala halikuangushwa na uzee. Nimeliangusha mimi. Nililivua rangi, nikalivalisha viatu vya shaba, shaba ikakila chuma. Binti yangu aliniambia, nikakataa. Haya, katika ninyi nyote, nitajieni mtu mwingine aliyewahi kuangusha daraja kwa viatu!"

Safari hii walicheka kicheko kingine. Hata Kinyozi.

Cheche akasimama. Akaeleza bila maneno ya chuo: juu ni zima, miguu ndiyo imekufa. Tutalitundika kwa minyororo, tutakata miguu yote minne, tutaweka mipya, mtaa utupe mpaka mvua ziishe.

"Na nani atasimamia?" Kinyozi akauliza. "Maana ndugu zangu, mimi roho yangu bado iko mferejini."

"Atasimamia Fundi Mkuu," nikasema.

"Yaani wewe tena!"

"Nimesema Fundi Mkuu." Nikamwelekezea fimbo Cheche.

Alikuwa anakunja mikono ya ovaroli. Akaacha. Akanitazama kama mtu aliyepigwa na umeme, mdomo wazi. Mama yake naye akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akaondoka kabla mkutano haujafungwa.

Ijumaa

Kazi. Manyunyu tu. Cheche kavua viatu vyote vinne kwa tindo. Alinipa cha mwisho nikivue mimi. Nikasema masharti ni masharti, vua wewe.

Jumamosi

Kazi. Minyororo imeshika. Daraja linaning'inia. Kinyozi kaja kutuletea maji ya kunywa, akasimama mbali.

Jumatatu

Leo tumegombana kwa ajili ya zege. Cheche aliacha juu ya msingi pawe tambarare. Nikamwambia maji yatakaa pale shingoni mwa nguzo kama yalivyokaa kwenye buti zangu. Weka mteremko, yateremke yenyewe. Akafikiri. Akasema, "Kweli, baba." Akaweka mteremko.

Nimeandika "kweli, baba" kama ilivyotamkwa.

Jumatano

Nguzo mpya zimesimama. Nimekaa kwenye ndoo natazama anavyochomelea. Mshono wake unakwenda taratibu, mfupi mfupi, kama mama yake anavyopinda kitambaa. Wangu unakwenda kwa haraka na kwa nguvu. Miaka yote hii nilidhani wake ni woga.

Alhamisi

Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Rangi ya pili. Tumesubiri ikauke ndipo tukapaka ya tatu. Zamani ningepaka yote siku moja.

Ijumaa

Cheche kafunga mabonge ya zinki kwenye miguu, chini, pale maji yanapofika, moja kila nguzo, chuma kwa zinki bila rangi katikati. Ni mabaya, ya kijivu, kama mafundo. Nikaona yanaharibu sura. Nikachukua brashi, nikachovya kwenye rangi ya bluu, nimeshainama kupaka la kwanza.

"Baba!"

"Nayapendezesha kidogo."

"Ukiyapaka hayataliwa."

"Si ndiyo vizuri?"

"Yasipoliwa hayo, italiwa nguzo. Kafara haifunikwi, baba."

Brashi ilikuwa imebeba rangi tele. Nikatafuta pa kuipeleka. Nikampaka jogoo. Sasa tuna jogoo wa bluu.

Jumapili

Hakuna mvua leo. Wala jana.

Mama Cheche amedai chupa zake, kwa hiyo tumetoa hukumu. Msumari ulio uchi: umechakaa, una kutu kote. Msumari wa shaba: kiuno kimekwisha, nilipoushika ukakatika pale pale chini ya waya. Msumari wa zinki: mzima. Lakini zinki yenyewe imetobokatoboka kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Ule msumari nilikuwa nimeuchukia bure. Nimeutia mfukoni.

"Shahidi anasemaje?" Cheche akauliza.

"Shahidi anasema chupa hizi haziwezi kutiwa jamu tena," mama yake akajibu.

Jumatatu

Tumelishusha daraja kwenye miguu yake. Nilimwambia Cheche apige alama yake kwenye nguzo. Akasema hana alama, daraja lina jogoo tayari. Nikampa tindo na nyundo, nikamwambia mtu anayeweka miguu ana haki ya kuacha nyayo. Akapiga vistari vinne vifupi vinavyotoka kwenye nukta moja, kama cheche zinavyoruka. Alifanya hivyo kwenye kila nguzo, kisha akazipaka rangi zile alama ili pasipenye kitu. Mimi nisingekumbuka kupaka.

Wa kwanza kuvuka alikuwa mke wangu. Alifika katikati, akasimama, akakanyaga kwa kisigino mara mbili.

"Halilii!" akaita.

"Umepungua!"

"Nimebeba cherehani, mzee!"

Na kweli, ilikuwa kichwani.

Alhamisi. Jua.

Mvua zimeisha. Naandika mara ya mwisho.

Kiatu kimoja cha shaba nimekitundika mlangoni pa karakana, kwa nje, wateja wakione na waulize. Nilikuwa nimeshashika msumari wa kukipigilia, mkono ukasimama wenyewe. Nikaenda nikachonga kigingi cha mti. Cheche aliniona. Alipiga mluzi kutwa.

Jioni nilikaa darajani, upande wa kwetu. Akapita mgeni, kijana wa watu, amebeba boksi, anamwuliza Kinyozi njia. Kinyozi akamwambia, kwa adabu kabisa, tena kwa sauti ili nisikie, "Pita hapo, Daraja la Jogoo."

Miaka yote nimesubiri mtu huyu aliseme jina hilo bila kulazimishwa. Nikainuka na fimbo yangu.

"Sema vizuri, mwenyekiti. Sakafu na reli ni za Jogoo. Miguu ni ya Cheche."

"Basi tuliiteje?"

"Daraja la Cheche," nikamwambia. "Ukitaka kujua daraja ni la nani, bwana, uliza miguu. Mimi huko juu nimebaki wa kuwika tu."